Vishingo wa Mama na Mbwa wa Namasakata

Mshangano, Songea
19 Januari 2025

Mdogo wangu Pankrasi,

Pokea salamu za nyumbani, tena nyumbani kwenyewe, maana ninaandika nikiwa nimekalia kigoda cha Mama. Tupo. Mvua ipo, matope yapo, mahindi yamefika kiunoni. Shemeji yako Valence yuko kule kwetu Namtumbo peke yake tangu tulipomzika Mama mwezi wa nane. Juzi alituma ujumbe kwamba siku hizi anapika mwenyewe na chakula kinaiva. Habari hiyo imeniharibia wiki nzima.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Simu yako ina ugonjwa, Pankrasi. Nikiuliza habari za korosho, nasikia mpaka unavyomeza mate. Nikiuliza utakuja lini, mtandao unakata. Karatasi haikati. Nitampa Sixbert, kondakta wa basi la Tunduru, aiache dukani kwa Jumanne. Nawe ujibu kwa njia hiyohiyo.

Neno lenyewe unalijua. Mama alilisema mbele yetu, akiwa na akili zake zote: vishingo wake, hawa kuku wa shingo tupu aliowarithi kwa bibi, wasiuzwe wala wasigawanywe mpaka siku ya kuweka msalaba. Siku hiyo waliwe na watakaokuja kaburini, na msalaba ushikwe kwa mkono wa mwanawe wa kiume. Mwanawe wa kiume ni mmoja, na mwanamke aliyebaki kuwachunga kuku ni mmoja. Nilikuja na kanga tatu za msibani. Sasa ni mwezi wa tano niko hapa.

Nilidhani ni kazi ya kumwaga pumba asubuhi na kufunga mlango jioni. Kumbe nimeajiriwa na mwewe. Anatua juu ya mkaratusi wa jirani kila mvua inapokatika, anajikung'uta mabawa, ananitazama. Nikiinuka na fimbo hashtuki. Nikiingia ndani kugeuza ugali, kifaranga mmoja hayupo. Kuwafungia siwezi. Mama aliwazoesha kujitafutia, na ukiwafungia wanasusa kutaga, wanakaa wamekunja sura kama wajumbe waliokosa chai kwenye kikao.

Katekista Fulgence ananiuliza tarehe kila Jumapili. Nimeanza kukaa benchi la nyuma. Nipe tarehe, mdogo wangu, nimpe na yeye, nirudi kwangu kabla Valence hajazoea kabisa.

Mianzi imeanza kugemwa, ulanzi mpya umeingia. Nikuwekee dumu lako kama kila mwaka?

Dada yako,
Walburga

*

Namasakata, Tunduru
17 Februari 2025

Dada Walburga,

Shikamoo sana. Barua yako imefika, ila ilikaa kwa Jumanne wiki mbili chini ya katoni la viberiti. Usimlaumu Sixbert. Mimi mzima kiasi. Nilishikwa na homa siku chache, mama mwenye nyumba akanipikia uji wa pilipili manga na kunikanda, sasa natembea. Kazi ya kutengeneza pampu za kupulizia dawa mikorosho ipo, ingawa msimu wenyewe bado. Msalimie shemeji. Mwambie asijifunze kupika maharage, hapo ndipo mwanamume anapopotea moja kwa moja.

Pole kwa mwewe. Nimewauliza watu wa hapa. Wanasema mwewe anawinda kwa macho, kwa hiyo mpotoshe macho. Chukua ile dawa ya zambarau ya vidonda, ichanganye na maji, wachovye vifaranga mpaka shingoni. Mwewe akiona kitu cha zambarau kinatembea hatakuwa na uhakika kama ni chakula. Pia tundika zile sidii za zamani za kwaya juu ya kamba, ziwe zinameremeta. Mama mwenye nyumba anafanya hivyo na kuku wake wako salama.

Kuhusu tarehe, tutaongea vizuri. Mambo ya kaburi si ya kukurupuka.

Mdogo wako,
Pankrasi

*

Mshangano, Songea
23 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu umepona. Mshukuru na huyo mama mwenye nyumba. Wapangaji wa huku hupata kwa mwenye nyumba kelele za kodi na zamu ya kufagia choo. Uji wenye pilipili manga, na kukandwa juu yake, sijawahi kusikia. Una bahati ya nyumba.

Mwaka huu Kwaresima na mfungo wa Waislamu vimeangukia pamoja, kwa hiyo mtaa mzima una njaa ya kidini. Hata majirani wanaogombana kila siku wamepunguza, hawana nguvu.

Nimefanya ulivyosema. Nilichovya vifaranga wa yule kishingo mweusi, mikono yangu ikawa ya zambarau mpaka viwiko, nikaenda kanisani hivyohivyo. Fulgence akadhani nimejipaka rangi ya Kwaresima, akanisifu. Sasa sikiliza. Nilipowarudisha kwa mama yao, aliwatazama kwa jicho moja, akawatazama kwa la pili, akarudi nyuma kama mama mkwe aliyeletewa harusi asiyoitaka. Nikasema basi, nimemharibia watoto, atawadonoa. Wakasimama pale, vitu vya zambarau, havijui viende wapi. Halafu mmoja akalia, piii. Yule kuku akalegea palepale, akakunjua mabawa, wakaingia chini yake wote. Kumbe hakuwa anawajua kwa rangi. Nimelifikiria hilo siku nyingi kuliko linavyostahili.

Mwewe naye alichanganyikiwa wiki moja. Alikaa juu ya mkaratusi akigeuza kichwa. Wiki ya pili aliamua kwamba hata zambarau inalika. Sidii zimemsaidia kujitazama.

La pili ni baya zaidi. Kicheche amegundua banda. Alimng'ata paja jogoo mkubwa wa Mama, ikabidi achinjwe kabla hajafa bure. Fulgence alinichinjia, mimi nikambanika kwa moshi siku mbili. Nakutumia kwa Sixbert, umle Pasaka. Umkumbuke aliyemlea.

Ulanzi hukuujibu. Dumu lipo, linachacha. Tarehe pia.

Dada yako,
Walburga

*

Namasakata
14 Aprili 2025

Dada, shikamoo.

Naomba unisamehe kwa kuchelewa. Mwezi uliopita ulikuwa na shughuli nyingi na mwili ulikuwa umechoka, sikuweza kushika kalamu. Sasa tumevuka salama. Habari za Namtumbo? Shemeji anasemaje?

Jogoo alifika akiwa mzima, yaani akiwa mkavu vizuri. Kuna jirani zangu wawili wa kutoka Mbinga, walimsifu mno. Walisema aliyembanika ana mkono. Asante sana, dada.

Huyo kicheche ni adui mwenye akili, humwezi kwa fimbo. Nimeamua kukutumia mbwa wangu, Karani. Unamkumbuka, nilimchukua akiwa mdogo pale Namtumbo. Ni mlinzi, hana makuu, anakula chochote. Ukweli ni kwamba hapa hana raha sana, mama mwenye nyumba hapendi apite karibu na vyombo, na mkeka ukiguswa naye ni lazima uoshwe. Kwa hiyo huko atafaa zaidi. Sixbert amekubali kumbeba kwenye buti akiwa ndani ya kiroba, kichwa nje.

Mfunge siku mbili za kwanza, baada ya hapo atajua ni kwake.

Mengine nitaandika.

Pankrasi

*

Mshangano
18 Mei 2025

Mdogo wangu Pankrasi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na mwili uliopumzika. Hapa mvua zimekoma, baridi imeanza kutafuna vidole, tumevuna mahindi. Valence alikuja kusaidia kupukuchua. Amenenepa. Nikampakulia kidogo.

Karani alishuka stendi akiwa ndani ya kiroba cha mbolea kama mbunge ndani ya gari, akitazama watu kushoto na kulia. Sixbert anasema njia nzima hakubweka, ila palipotokea abiria mwenye samaki alitoa maoni. Nikamuuliza Sixbert, "Mwenye mbwa hajambo?" Akasema, "Mama, nikuambie ukweli, pale dukani ukimtaja Pankrasi watu wanatazamana. Wao wanamwita..." Nikamkatiza. Nikamwambia, "Sixbert mwanangu, jina la mtu husemwa na mwenyewe. Wewe shusha mbwa." Akacheka, akashusha mbwa.

Sasa kuhusu utendaji wa Karani. Mchana namsifu. Kivuli cha mwewe kikipita uani anakikimbiza mpaka kwenye ukuta, anakibwekea, kuku wanaingia chini ya mti wa kahawa. Mwewe sasa anakuja akiwa na wasiwasi, na mimi nimepata nafasi ya kugeuza ugali mara mbili. Usiku ni mambo mengine. Usiku Karani hulala kama aliyelipwa mapema. Kicheche alipita juu yake, nimeona nyayo kwenye majivu aliyolalia.

Ila ana tabia moja ambayo nimeitazama kwa makini. Msikiti uko hapa chini, ng'ambo ya barabara. Adhana ya alfajiri ikilia, huyu mbwa ambaye hata kicheche hamwamshi anaamka. Anajinyoosha. Anakwenda langoni, anasimama pale masikio juu, akitazama mlango wa nyumba, kama anayemngoja mtu atoke amsindikize. Anangoja. Mtu hatoki. Baada ya muda anarudi kulala. Kila siku ya Mungu. Nimemwuliza alifundishwa na nani, hakusema, nami sikumlazimisha.

Dumu la ulanzi nilimpa Fulgence. Hukuwa na haja nalo, naona.

Msalimie mama mwenye nyumba. Kama ana jina, unaweza kunitajia nimsalimie kwalo.

Na tarehe, Pankrasi. Mwezi wa nane unatimia mwaka. Sitaki kukuomba mara nyingi kama ninavyoomba mvua.

Dada yako,
Walburga

*

Mshangano
29 Juni 2025

Pankrasi,

Salamu zangu ni fupi, nimechoka. Sixbert amepita mara nyingi mikono mitupu. Nilianza kumlaumu, baadaye nikaacha kwa sababu ana mke na mtoto mchanga na mimi sitaki kuwa sababu ya mtu kuacha kazi.

Nikueleze kilichotokea, halafu unyamaze vizuri ukiwa unajua.

Unalikumbuka tundu la banda, lile la chini, upande wa jikoni? Mama hakuliziba kamwe. Kila kizazi cha vishingo kinakuwa na mmoja anayechelewa kurudi, anazurura mpaka giza linaingia, na Mama alikuwa anafunga mlango lakini tundu analiacha. Alisema, "Huyo naye ana kwao." Nilipomwambia aweke jiwe alinijibu kwamba jiwe halijui nani amerudi na nani bado. Basi na mimi nimekuwa nikiliacha. Mwaka huu anayechelewa ni yule jike mwekundu, anaenda mpaka kwenye maharage ya jirani. Ila mimi huwa naliziba kwa tambara nikishamsikia ameingia. Jumanne iliyopita nilikuwa na homa ya uchovu, nikalala kabla hajaingia. Nikasema ataingia, nimwachie tu.

Asubuhi nilifungua mlango wa banda nikaufunga tena. Nilirudi jikoni nikawasha moto, nikapika chai, nikainywa. Ndipo nikaenda kufungua mara ya pili. Kicheche akiua hali, Pankrasi. Anauma shingo, anaacha, anakwenda kwa mwingine. Na hawa wetu shingo zao Mungu aliziacha wazi tayari, hakuwa na kazi. Aliacha manyoya na ile harufu yake, basi. Jike mwekundu yeye hakuwa ndani. Alilala juu ya mkaratusi. Yule aliyechelewa ndiye aliyepona.

Wamebaki majike wanne na jogoo mmoja mchanga ambaye bado hajajua kuwika, anaanza anaishia katikati. Nimewahamishia ndani, chumbani kwa Mama. Wanalala juu ya uchaga wa kitanda chake. Nimetandika magunia. Watu wakija kunijulia hali na kusikia mlio chumbani kwa marehemu, hawakai sana.

Tundu sikuliziba. Sijui kwa nini. Kuku hawamo tena, lakini jiwe nimelishindwa.

Mimi si mlinzi mzuri, na sijawahi kusema kwamba ni mzuri. Nilikuwa nakaa tu mpaka mwenye zamu aje.

Dada yako

*

Namasakata
22 Julai 2025

Dada Walburga, shikamoo.

Nimefungua barua zako zote mbili kwa pamoja, na si kosa la Sixbert wala la Jumanne. Nilikuwa nazo. Sikuzifungua. Pole sana kwa kuku. Nimesoma ile ya mwezi wa sita nikaenda kukaa chini ya mikorosho mpaka wakaja kuniita.

Hapa tuko katikati ya kupuliza salfa, pampu zinaharibika kila siku, mikono yangu imekauka. Mguu wa kulia nao unavimba nikikaa kwenye gari muda mrefu. Nimefikiri sana juu ya siku ya Mama. Naona ni vizuri msinisubiri. Mwombeni Fulgence aushike msalaba badala yangu. Yeye ni mtu wa kanisa, anajua maneno yake, na watu wa ukoo wataona imekaa sawa. Mimi nikija watu watakuwa na maswali, na siku ya Mama haistahili maswali ya watu.

Nitatuma mchele.

Nisamehe, dada. Kuna mambo hayaandikiki.

Pankrasi

*

Mshangano
3 Agosti 2025

Mdogo wangu Pankrasi,

Hapa tu wazima, baridi imepungua, upepo wa vumbi umeanza. Valence amekuja, amesema hatarudi Namtumbo bila mimi. Amechoka kula chakula chake mwenyewe. Nimefarijika kuliko nilivyomwonyesha.

Barua yako niliisoma mara moja asubuhi na mara moja mchana. Siwezi kusema sikuumia. Nilikaa jikoni nikamenya vitunguu ambavyo sikuwa na haja navyo. Valence akauliza kuna wageni? Nikasema bado.

Sasa nisikilize, maana mimi pia nina mambo yasiyoandikika lakini nitayaandika hivyohivyo.

Fulgence nimemwuliza. Amekataa. Amesema yeye atasoma maneno na kunyunyiza maji ya baraka, lakini marehemu alitaja mkono, na mkono uliotajwa si wake. Nikamwambia huenda mkono huo siku hizi unanawa kwa namna nyingine. Akakuna shingo, akasema, "Mama Walburga, msalaba wenyewe ni wa zege. Kinachotakiwa ni mtu wa kuushika usiegemee mpaka ukamate. Zege haliulizi." Nikamwona mzee huyu ana akili kuliko mahubiri yake.

Tarehe ni Jumamosi, tarehe 23 mwezi huu. Ijumaa yake ni vizuri uwe umefika, upumzishe huo mguu.

Kuhusu chakula. Ibra wa genge atakuja asubuhi na kisu chake. Unamkumbuka, ndiye anayechinja kwenye harusi na misiba yote ya mtaa huu ili pasiwe na mtu wa kukaa pembeni na sahani tupu. Sufuria nitaazima kwa mke wake, zile zake mwenyewe, nimeshaongea naye. Nilimwambia nina wageni kutoka Tunduru. Hakuuliza ni akina nani. Aliuliza ni wangapi, ajue mchele. Hapo ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu ya barua hii.

Yule jogoo niliyekubanikia mwezi wa tatu, naomba unisamehe. Ningejua ningemtuma mzima.

Majike watatu wataingia sufuriani kama Mama alivyotaka. Jike mwekundu na yule jogoo asiyejua kuwika sitampa Ibra. Hapo ninamvunjia Mama agizo, nitajieleza kwake mwenyewe siku ikifika. Hao mtaondoka nao kwenye tenga. Huku mwewe na kicheche wameshawajua, wakianza upya uani kwa mama mwenye nyumba labda watapata watoto. Yeye kuku wake wako salama, uliniambia mwenyewe. Mwambie tu kwamba kuna mmoja huwa anachelewa kurudi.

Watu watakuwa na maswali, ni kweli. Shangazi Oliva atakuwa nayo mengi, na atayauliza mdomo ukiwa na wali. Acha aulize. Mimi mwaka mzima nimekaa na kicheche, Shangazi Oliva simwogopi.

Juu ya bahasha sikuandika jina. Nimemwambia Sixbert aandike lile wanalokuitia huko, ili isilale tena chini ya viberiti. Lakini humu ndani wewe ni Pankrasi mpaka utakaponiambia mwenyewe. Yule kuku na vifaranga wake wa zambarau niliwahi kukusimulia. Sirudii.

Chumba cha Mama nitakifagia. Kuku watalala jikoni.

Dada yako,
Walburga

*

Namasakata
13 Agosti 2025

Dada Walburga,

Shikamoo. Sisi wazima. Mguu haujambo, kusema kweli haukuwa unaumwa sana.

Mwambie mke wa Ibra wageni ni wawili. Mwenzangu anaitwa Tabu. Tulifunga ndoa mwaka juzi, Mama akiwa hai, na kila mwezi nilisema nitakuja kumwambia, mpaka nikaja kumzika. Tabu ndiye aliyesoma barua yako kwa sauti, maana mimi ilinishinda katikati. Alipomaliza aliuliza swali moja tu, huyo jike mwekundu anapenda kulala juu au chini, amtengenezee mahali. Anakusalimu. Anasema banda lake nalo lina tundu, ila ameliwekea kijimlango cha ubao kinachosukumika kuelekea ndani tu.

Huku wananiita Idrisa. Nimelisema.

Msalaba nitaushika mimi. Nitaushika mpaka zege likauke, hata ikiwa ni kutwa nzima.

Tutafika Ijumaa jioni na basi la Sixbert. Tabu analeta ubuyu na korosho, na mkeka wangu. Mkituwekea maji ya kunawa karibu na mlango inatosha.

Karani usimfunge siku hiyo. Alfajiri atanisindikiza.

Mdogo wako